Tamthilia Yahamishwa Kimyakimya, Dada wa Chipsi Agoma Kulipia King'amuzi

Mdau mmoja wa tamthilia, mkazi wa Mbagala jijini Dar, hataki hata kuisikia stesheni aliyokuwa anaipenda kuliko zote.

Dada huyu anauza chipsi. Kwa miezi kibao alikuwa anafunga banda saa 1:30 usiku, muda ambao wateja ndo wanaanza kumiminika, ili aiwahi tamthilia yake ya Kituruki ya saa 2:00. Yaani hela aliiacha ipite jamani! Na kifurushi analipia mwenyewe kila mwezi.

Wiki iliyopita kawasha TV, kakuta wachambuzi wa mpira. Kesho yake hivyo hivyo. Kuwauliza Insta, kajibiwa "endelea kututazama". Shoga yake ndo akamtonya kuwa imehamishiwa saa 5:00 usiku, wakati yeye alfajiri anatakiwa awe sokoni kununua viazi.

Sawa, mpira una matangazo na TV ni biashara. Lakini yeye akihamisha banda huwa anawaambia wateja!

Kinachomuuma zaidi ni stori yenyewe. Kule Uturuki sehemu moja hufika saa mbili nzima, huku inakatwakatwa, kwa hiyo kaivumilia weee, na ndo kwanza ilikuwa inafika patamu.

Kifurushi kimeisha juzi, hajalipia. Siku hizi anauza mpaka saa 4:00, asubuhi shoga yake anamsimulia kwa voisi za WhatsApp, tena anaruka vipande.

Wadau, alipie au asilipie?