Vistari kwenye skrini: maziwa, kinu cha nyuklia na kosa langu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na leo naeleza kwa nini. Sababu ni maziwa. Vumilieni kidogo, tutafika hadi kwenye nyuklia.

Kama mjuavyo, kazi yangu ni kuandika programu hapa Eldoret. Chama kimoja cha wafugaji cha huku kwetu kiliniomba niwatengenezee programu ya kufuatilia joto la tangi la kupozea maziwa. Kazi ndogo: kipimajoto ndani ya tangi, laini ya simu, tarakilishi ofisini. Maziwa yaliyokwisha kupoa yakipanda tena kupita nyuzi 8, meneja anapata SMS.

Wakati wa majaribio ikazuka kero. Tangi likioshwa kwa maji moto, kipimajoto kinasoma nyuzi 60 na SMS zinamiminika. Meneja akalalamika. Nikaongeza mstari mmoja tu: joto likipita nyuzi 15, programu ijue tangi linaoshwa, iweke vistari kwenye skrini na inyamaze. Kila mtu akafurahi, mimi nikalipwa.

Kumbe maziwa mapya ya asubuhi nayo huingia yakiwa na joto zaidi ya nyuzi 15. Wafanyakazi wakazoea kuona vistari kwa saa moja au mbili kabla ya namba kurudi. Siku moja mashine ya kupoza ikafa mara tu baada ya maziwa kumiminwa. Vistari vikakaa asubuhi nzima, na hakuna aliyeshtuka. Lori lilipofika, zaidi ya lita elfu moja zikakataliwa. Mzee mmoja akatania kwamba tufanye yote mursik. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja, ambaye karo ya watoto wake hutoka kwenye maziwa hayo, akaniuliza kwa upole: "Kijana wangu, hiyo mashine yako ilikuwa inaona nini wakati wote huo?"

Jibu la kweli ni kwamba ilikuwa inaona vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyeiambia isiseme.

Usiku huo sikulala, nikakumbuka ajali tuliyoigusia darasani chuoni: Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani. Safari hii niliisoma kama mtu anayesoma kesi yake mwenyewe.

Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri, kinu namba 2 cha hapo kilizimika. Vali moja iliyofunguka kupunguza shinikizo ilikwama wazi, na maji ya kupoza yakawa yanavuja. Taa kwenye ubao wa udhibiti ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga vali imetumwa. Haikuonyesha kama vali imefunga kweli. Siku mbili kabla, mfumo wa maji ya dharura ulikuwa umejaribiwa. Katika jaribio hilo vali mbili hufungwa, kisha hufunguliwa. Asubuhi ya ajali zilikutwa zimefungwa.

Sasa sikilizeni hii. Juu ya kiini cha kinu kulikuwa na vipimajoto 52. Tarakilishi ilikuwa imeandikiwa kwamba joto likipita nyuzi 700 za Fahrenheit, kama 371 za Selsiasi, isichapishe namba bali alama za kuuliza. Kiini kinapoanza kuyeyuka, karatasi inatoka: ?????. Mafundi wakaenda kupima moja kwa moja kwenye nyaya, wakapata baadhi ya vipimo zaidi ya nyuzi 2,000 za Fahrenheit, karibu 1,100 za Selsiasi. Vikaonekana ni vya ajabu mno, visiaminike. Baadaye ilibainika kwamba karibu nusu ya kiini iliyeyuka.

Alama za kuuliza zile ni ndugu wa damu wa vistari vyangu. Mwandishi wa programu aliamua mapema ni joto gani "haliwezekani".

Chernobyl, 26 Aprili 1986, nayo ilitokea katikati ya jaribio, huku mfumo wa dharura wa kupoza kiini ukiwa umetengwa makusudi ili jaribio lifanyike.

Kwa nini haya yatuhusu sisi? Kwa sababu Kenya inataka kinu chake. Wakala wa NuPEA ndio unaosukuma mradi. Eneo la Uyombo, Kilifi, lilipingwa na wakazi, na mwaka 2025 macho yakahamia Siaya kando ya Ziwa Victoria. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 iliunda chombo tofauti cha kusimamia usalama, yaani KNRA. Ni vizuri kwamba anayejenga siye anayekagua. Mimi nilijijengea na kujikagua mwenyewe, mkaona matokeo.

Kinu kipya hujaribiwa kwa hatua. Kwanza maji huzungushwa na kupashwa joto bila fueli. Kisha fueli huwekwa, na nguvu hupandishwa kidogo kidogo. Hapo ndipo kero za ving'ora huwa nyingi, na hapo ndipo mtu kama mimi huongeza "mstari mmoja tu". Kwa hiyo kanuni za majaribio, kwa maoni yangu, ziseme wazi:

1. Kipimajoto na programu yake visome hadi joto la ajali, si la kazi ya kawaida pekee.
2. Kukosekana kwa namba kuhesabiwe kuwa king'ora.
3. Kinachozimwa kwa ajili ya jaribio kiandikwe, kiwe na saa ya kurudishwa, na mtu wa pili ahakikishe kimerudi.
4. Kila anayebadilisha programu wakati wa majaribio aeleze kwa maandishi, na mkaguzi asome kabla kinu hakijapanda hatua inayofuata.

Najua mtasema maziwa si nyuklia. Kweli. Maziwa yalimwagwa, na chama kinanikata deni kidogo kidogo. Ule mstari nimeufuta. Sasa skrini inaonyesha namba daima, hata 60, na anayeosha tangi anabonyeza kitufe na kuandika jina lake. Meneja bado analalamika kuhusu SMS. Namwachia alalamike.

Wale mnaoandika programu za vipimo, leo hebu fungueni kazi zenu mtafute: ni namba gani mliiambia mashine isiseme?