Wiki ya Nne Si Likizo

Nimekulia Tanga, na kwa miaka mingi sasa nafanya kazi ya tiba ya usemi katika shule za msingi kaskazini mwa Texas, Marekani. Watoto ninaowahudumia ni wa kila namna: mwenye kithembe, mwenye kigugumizi, anayeshindwa kuunga sentensi, na yule ambaye hatoi neno hata moja kwa kinywa chake. Nataka kushuhudia jambo lililoibadilisha kazi yangu, nalo si dawa wala mashine. Ni ratiba.

Hapa ratiba ya mtaalamu wa usemi inatoka kwenye sheria. Tangu mwaka 1975 sheria ya nchi inazitaka shule za umma zimpe kila mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa, bila malipo. Mtoto akithibitika kuhitaji msaada, anaandikiwa mpango wake mwenyewe, unaoitwa IEP, na mpango huo hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka. Ndani yake mna ukurasa wa huduma: huduma gani, mara ngapi, kwa dakika ngapi na mahali gani. Kilichoandikwa pale ni deni. Pakiandikwa dakika 30 kila wiki, shule inadaiwa dakika 30 kila wiki.

Nilipoanza kazi, mipango mingi niliyoikuta ilifanana: dakika 30, mara mbili kwa wiki, chumba cha tiba. Mwenye kithembe alipewa hizo, na asiyesema kabisa alipewa hizo hizo. Orodha yangu ilikuwa na watoto zaidi ya 50. Nilikuwa nawachukua madarasani watatu watatu, wanne wanne, nawarudisha, nachukua wengine, tangu Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa kengele ya mwisho. Kazi zisizokuwa na mtoto mezani hazikuwa na nafasi: kuzungumza na mwalimu wa darasa, kumtazama mtoto akicheza na wenzake, kuandaa picha, kumpigia mzazi simu, kuandika ripoti. Zilifanyika usiku nyumbani, au hazikufanyika.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mkuu wa shule aliuliza nimewaona watoto wangapi. Fedha za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambazo shule hurudishiwa zilifuata vipindi ambavyo mtoto mwenyewe alihudumiwa. Kila upande ulihesabu vichwa, nami nikawa nahesabu.

Katika orodha ile alikuwamo mvulana wa miaka sita, mwenye usonji, wa familia iliyotoka Kongo ya mashariki. Alikuwa amepewa tableti yenye picha zinazotamka: anabonyeza picha, tableti inasema. Chumbani kwangu alikuwa hodari. Alibonyeza "nataka", akatafuta "mpira", akanitazama usoni kungoja. Darasani tableti ilikaa ndani ya begi, maana hakuna aliyepata muda wa kumwonyesha mwalimu inavyotumika. Nyumbani ilifungiwa kabatini. Mama yake alikuwa ameambiwa kwa Kiingereza kwamba ni kitu cha gharama, asije akakiharibu, naye akakitunza kama alivyoagizwa. Mtoto yule alikuwa na sauti kwa saa moja katika wiki nzima.

Mabadiliko yalikuja pale uongozi wa shule zetu ulipokubali tujaribu mpangilio wa tatu kwa moja. Haukuwa uvumbuzi wetu. Shule nyingine za Marekani zilikuwa zimeutumia kabla yetu. Chama cha wataalamu wa fani hii, ASHA, nacho kilikuwa kimehimiza tangu 2002 kwamba mzigo wa mtaalamu upimwe kwa kazi zake zote, si kwa idadi ya watoto peke yake. Katika mpangilio huu, wiki tatu mtoto anahudumiwa ana kwa ana, chumbani au darasani. Wiki ya nne mtaalamu anafanya kazi kwa ajili yake akiwa na watu wanaoshinda naye: mwalimu, msaidizi wa darasa, mzazi.

Kulipanga hilo kulihitaji zaidi ya kufuta kalenda. Deni la kila wiki huwezi kuliacha kwa sababu umeamka na wazo jipya. Ilibidi tuufungue mpango wa kila mtoto aliyehusika, dakika zihesabiwe kwa mwezi, na dakika za kumsaidia mwalimu na familia ziandikwe mahali pake. Mzazi naye ilibidi aelezwe na akubali. Mama mmoja aliniuliza waziwazi: "Mwalimu, mnampunguzia mtoto wangu saa zake?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tukakaa na karatasi mbili, ya zamani na mpya, tukalinganisha mstari kwa mstari, nikamwonyesha kila dakika imekwenda wapi.

Wengine hatukuwahamisha kabisa. Mtoto mwenye kigugumizi aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kunyanyua mkono darasani alibaki na kipindi chake cha kila wiki. Aliyekuwa akifundishwa sauti moja tu alifaidika zaidi na dakika chache za mara kwa mara kuliko nusu saa nzima. Mpangilio ukipewa watoto wote kwa sababu unamrahisishia mtu mzima kazi, tumerudi kule kule tulikotoka.

Kwa yule mvulana, wiki ya nne niliingia darasani kwake. Mimi na msaidizi wa darasa tulichagua maneno anayoyahitaji siku nzima: "nisaidie", "bado", "acha", "tena". Tukachapisha picha zilezile za kwenye tableti, tukazibandika karibu na sinki na mahali anapokula. Msaidizi akajifunza kuzionyesha yeye kwanza anapozungumza, kisha kusubiri bila kumharakisha mtoto. Mama alikuja shuleni tukazungumza Kiswahili, yeye chake cha Bukavu, mimi changu cha Tanga. Dada wa mtoto akarekodi maneno ya nyumbani kwa sauti yake, tukayaingiza kwenye tableti.

Baadaye mama alinipigia simu. Hata salamu hakuimaliza: "Mwalimu, mutoto ameomba mayi!" Alikuwa amemwomba yeye, jikoni kwake, si mimi chumbani kwangu.

Sisemi njia ilikuwa laini. Mkuu mmoja wa shule aliona siku zangu za wiki ya nne hazina watoto mezani, akanipangia zamu ya kusimamia chakula cha mchana. Nikaanza kuandika kila nilichofanya: mtoto gani, na nani, dakika ngapi, nini kimebadilika. Nilipomwonyesha daftari hilo pamoja na mipango iliyosainiwa, zamu ile ilihamishwa. Kazi isiyoandikwa huonekana kama mapumziko, hata ikikutoa jasho.

Neno langu ni kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili wenye watoto katika shule za huku. Kikao cha mpango, ambacho hapa Texas huitwa ARD, ni chenu pia. Sheria inaitaka shule ifanye kila linalohitajika ili mzazi aelewe yanayosemwa, ikiwa ni pamoja na kumpatia mkalimani. Mwombeni, wala msilipe. Msitie saini karatasi ambayo hamjaelewa. Fungueni ukurasa wa huduma, muulize mambo mawili: mtoto wangu ataonana na mtaalamu dakika ngapi, na mtaalamu atakaa na mwalimu wake na mimi dakika ngapi? Swali la pili lisipokuwa na jibu lililoandikwa, ombeni liandikwe kabla hamjaondoka.