KATHMANDU: SIKU MBWA WAVISHWAPO MASHADA YA MAUA

Pamoja na maelezo ya kuoka biskuti za sikukuu zisizomdhuru mbwa

Mji wa Kathmandu, makao makuu ya nchi ya Nepal, umejengwa katika bonde lililo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Umezungukwa na vilima, na siku ya anga safi, nyuma ya vilima hivyo huonekana vilele vyenye theluji vya milima ya Himalaya. Kwa watu wa majeshi, nchi hiyo si ngeni. Askari wake wamehudumu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa katika Kongo na Sudan Kusini, nchi ambazo ni jirani zetu hapa Uganda. Lakini liko jambo moja la Nepal ambalo wengi wetu hatujalisikia, nalo ni kwamba kila mwaka polisi, wanajeshi na raia wa huko hutenga siku moja ya kuwashukuru mbwa.

Siku hiyo huitwa Kukur Tihar. Kukur ni mbwa, na Tihar ni sikukuu ya siku tano inayoangukia mwezi wa Oktoba au Novemba, kwa kufuata mwezi wa angani. Ni majira yale yale ambapo ndugu zetu wenye asili ya Kihindi mjini Kampala na Jinja huwasha taa za Diwali. Siku ya kwanza ya Tihar ni ya kunguru, ya pili ni ya mbwa. Siku ya tatu huheshimiwa ng'ombe, na jioni nyumba huwashwa taa kwa ajili ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Siku ya nne ni ya dume la ng'ombe alimaye shamba, na siku ya tano dada huwabariki ndugu zao wa kiume.

Mbwa kupewa heshima hiyo kumetokana na imani za kale za Kihindu. Inaaminika kwamba Yama, mungu wa mauti, ana mbwa wawili wanaolinda njia ya kuingilia kwake. Tena, katika utenzi mkuu wa Mahabharata imesimuliwa habari ya mfalme Yudhishthira, aliyefika kwenye lango la mbinguni akifuatwa na mbwa. Alipoambiwa amwache mbwa huyo ndipo aingie, mfalme alikataa katakata kumtupa mwenziwe wa safari. Kumbe mbwa yule alikuwa Dharma, mungu wa haki, aliyejigeuza ili kumjaribu.

Alfajiri ya siku hiyo mbwa huogeshwa, kisha huvishwa shingoni shada la maua ya rangi ya chungwa. Katika paji la uso hutiwa alama nyekundu iitwayo tika, iliyochanganywa kwa mchele, mtindi na unga wa rangi. Baada ya hapo huandaliwa chakula: nyama, maziwa, mayai na mikate ya sikukuu. Heshima hii si ya mbwa wenye wenyewe tu. Hata yule alalaye barazani pa duka, asiye na mwenyewe, hujikuta amevishwa maua na kuwekewa sahani.

Katika shule ya mbwa wa polisi mjini Kathmandu sherehe hufanywa kwa taratibu za kijeshi. Mbwa husimama katika mistari, kila mmoja na askari wake, na wakuu wa polisi hupita wakiwavisha mashada. Kisha mbwa huonyesha ujuzi wao wa kunusa, kuruka na kutii amri, na waliofanya kazi bora hutuzwa. Wananchi wanajua sababu ya heshima hiyo. Mbwa hao hufichua dawa za kulevya na baruti, tena hufuata nyayo za wahalifu. Na tarehe 25 Aprili 2015, tetemeko la ardhi lilipoua watu karibu 9,000, mbwa wa uokoaji walikuwa miongoni mwa waliopita juu ya vifusi wakiwatafuta watu waliofukiwa.

Mkate wa sikukuu hiyo huitwa sel roti. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa na kuchanganywa na samli, sukari na pengine ndizi au iliki, mpaka upatikane uji mzito mfano wa ule wa vitumbua. Kisha humiminwa kwa mviringo ndani ya mafuta yanayochemka, ukatoka mfano wa pete kubwa ya rangi ya kahawia. Ni mkate mtamu sana, lakini ni mkate wa binadamu. Kipande kidogo hakimdhuru mbwa mwenye afya. Lakini mbwa wa mtaani, anayepewa mkate katika kila mlango apitao, huweza kufikisha adhuhuri akiwa amekula mafuta na sukari kupita kiasi. Mafuta mengi kwa mara moja huweza kuvimbisha kongosho la mbwa, akatapika na hata kufa. Hapo shukrani hugeuka kuwa ile ya punda, ambayo ni mateke.

Wala tusidhani kwamba Nepal ni pepo ya mbwa. Katika miaka iliyopita mji huo uliwahi kutumia sumu kupunguza wingi wa mbwa wa mitaani. Ndipo mwaka 2004 kilipoanzishwa kituo cha tiba ya wanyama kiitwacho KAT, kikaanza kuwahasi na kuwachanja badala ya kuwaua. Maua ya siku moja hayatoshi. Mbwa hula na huugua siku zote za mwaka.

Nasi tuna mbwa wetu. Wapo wanaonusa mizigo, wapo wanaofuata nyayo za wauaji na wezi, na wapo wale wa nyumbani wanaobweka usiku baba akiwa zamu. Krismasi au Idi ikifika, watoto hupenda kumgawia mbwa kila kilichomo mezani. Kabla ya kuwaruhusu, sharti tujue yafuatayo.

Chokoleti ni sumu kwa mbwa; humdhuru moyo na mishipa ya fahamu. Zabibu, mbichi au kavu, pamoja na keki iliyotiwa zabibu, huweza kuharibu figo zake. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu yake, hata vikiwa vimepikwa ndani ya mchuzi. Kungumanga, pombe na njugu za makadamia havimfai. Kinyunya kibichi chenye hamira huumuka tumboni mwake na kutoa kileo. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Iko pia sukari ya bandia iitwayo zailitoli, ambayo katika pakiti huandikwa «xylitol», na hupatikana katika chingamu na baadhi ya vyakula visivyo na sukari ya kawaida. Hata kiasi kidogo chake huweza kumwangusha mbwa. Mwisho, msimpe mbwa mahindi au karanga zilizoota ukungu kwa kudhani kwamba yeye hastahili bora. Sumu ya ukungu huo huua ini lake kama iuavyo letu.

BISKUTI ZA MBWA

Vitu vinavyohitajiwa ni vya kawaida: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha boga lililochemshwa na kupondwa, yai 1, na kijiko 1 cha karanga zilizosagwa, zisizo na chumvi wala sukari. Pasipo boga, tumia ndizi mbivu mbili. Usitie chumvi, sukari, hamira wala viungo.

Changanya vyote, ukiongeza maji kidogo kidogo mpaka upate kinyunya kigumu. Kisukume kiwe na unene wa kidole, kisha kikate vipande vidogo. Asiye na jiko la kuokea aweke mchanga safi ndani ya sufuria kubwa juu ya sigiri, aupashe moto, juu ya mchanga aweke sahani ya bati yenye biskuti, afunike na kupanga makaa juu ya kifuniko. Ziache kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka zikauke na kuwa ngumu. Zipoe kabisa kabla ya kumpa mbwa, na zilizobaki zitunzwe katika kopo kavu kwa siku chache.

Mbwa mkubwa zinamtosha biskuti mbili au tatu kwa siku, na mdogo moja. Vitu vya kumfurahisha visizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chake cha siku, na posho yake na mukene asiye na chumvi viendelee kama kawaida. Vyombo vyake viwe vyake peke yake, jambo linaloafiki usafi na pia dini ya jirani zetu wengi kambini.

Mbwa wa kazi ana sheria yake. Hufundishwa asipokee chakula kwa mtu asiyemjua, kwa kuwa adui huweza kumtilia sumu, na mara nyingi chakula au mchezo ndio ujira wa kazi yake. Kwa hiyo watoto wasimpe kitu chochote. Biskuti akabidhiwe askari anayemwongoza, naye ndiye atakayeamua.

Na kama mbwa wako hajachanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujawasha sigiri. Chanjo hiyo itamlinda yeye, na itawalinda pia watoto watakaomwokea biskuti.