Kabla Hujafungua Biblia, Fungua Masikio



Katika makanisa yetu, mama mwenye shida mara nyingi haendi kwanza kwa mchungaji. Huenda kwa mama mwenzake: kiongozi wa umoja wa wanawake, mama mchungaji, au jirani wanayesali naye jumuiya. Hivyo wengi wetu tayari ni washauri, tumefundishwa au hatukufundishwa. Hatari iko hapo.

Mimi ni muuguzi, na jioni nasaidia kufundisha ushauri nasaha usharikani kwetu. Wengi hufika wakitarajia orodha ya mistari: huu wa mfiwa, huu wa mgonjwa, huu wa mke mwenye mateso. Lakini somo la kwanza ni kusikiliza. Tunakaa wawili wawili. Mmoja anaeleza jambo lake kwa dakika 10, mwenzake hakatizi, kisha anarudia aliyoyasikia. Si rahisi! Dakika mbili hazijaisha, mtu ameshaanza, "Hata mimi yalinipata..."

Tazameni rafiki zake Ayubu. Siku saba, usiku na mchana, walikaa naye chini kimya, na hiyo ilikuwa faraja. Shida ilianza walipofungua vinywa kumtafutia dhambi.

Somo la pili ni kujua mipaka yetu. Niliwahi kumhudumia mama kijana mwenye mtoto wa wiki sita. Halali, hali, anasema mtoto angekuwa heri bila yeye. Alikuwa ameambiwa imani yake ni haba, afunge siku tatu. Mama anayenyonyesha! Kumbe alikuwa na sonona ya baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya mama 100 waliojifungua, karibu 13 hupata ugonjwa wa akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea hufikia karibu 20. Alitibiwa. Pia mama mmoja aliyepitia mafunzo yetu alimtembelea kila wiki, akimshikia mtoto ili alale, kisha wakaomba pamoja. Dawa na maombi havikugombana.

Vivyo hivyo mke anayepigwa. Kumwambia tu arudi akavumilie si ushauri wa Biblia. Katika Waefeso 5, Paulo anamtaka mume amtunze mkewe kama anavyojitunza mwenyewe. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mwanandoa haki ya kumchapa mwenzake. Kwanza apate pa kulala salama, atibiwe, asindikizwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kuiombea ndoa yake kutaendelea.

Somo la tatu ni siri. Mama akisikia habari zake kwenye kwaya, hatarudi tena. Usitaje jina lake hata katika ombi la maombi bila ruhusa yake. Ila uhai ukiwa hatarini, mwambie wazi kwamba utamtafutia msaada.

Dada mpendwa, kama usharika wako hauna mafunzo haya, anzeni hata watu sita. Mwombeni muuguzi au afisa ustawi wa jamii awafundishe dalili za hatari, na mchungaji awaongoze katika Neno. Tito 2 inawapa wanawake wazee kazi ya kuwalea vijana. Kazi hiyo ni yetu.

Bwana awabariki.