Chupa ya maembe kwenye meza ya 3



Wengi waliniuliza juu ya ile chupa. Wengine walisema kapita anakula jamu na bukari, wengine wakasema ni dawa ya tumbo. Basi ninaandika ili maneno yaishe, na tena kwa sababu niko na jambo la kuomba.

Kitu kile kinaitwa salsa. Ni neno la Kispania, maana yake ni mchuzi tu, na watu wa Mexico ndio wanaojulikana sana kwa kukiweka mezani kila siku. Mara nyingi ni ya tomati. Hii ilikuwa ya maembe. Mama mdogo aliinunua katika duka moja kubwa la Lubumbashi kwa dola 4, akanitumia pamoja na sabuni na madaftari. Chupa ya kioo, gramu 300, kifuniko cha chuma ambacho kinalia "tok!" siku ya kwanza ukikifungua.

Mbele ya kuonja nilisoma karatasi yake. Kwenye karatasi kama hizo vitu vinaandikwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kinatangulia. Hapa yalitangulia maembe, halafu sukari, halafu tomati, siki, kitunguu, chumvi, na pilipili mwisho kabisa. Ukiona sukari iko mbele ya tomati, ujue mapema kwamba utamu utashinda. Na ndivyo ilivyokuwa. Ulimi unakutana kwanza na embe, kisha siki inachoma kidogo puani, na pilipili unaingoja, unaingoja, haifiki.

Sasa, kula wapi? Rafiki yangu wa kitanda cha juu aliniambia: "Weye, mama yako mudogo alitumia weye, hakutumia meza. Fichaka mu sanduku." Nilifikiri sana neno lile, maana halikuwa la uongo. Lakini ninyi mnajua Jumapili ya wageni ilivyo. Jioni yake mmoja anatoa sardini, mwingine anatoa karanga, na yule ambaye wazazi wake wako mbali anaangalia sahani yake kama anasoma somo. Pale mezani kwetu tuko na mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye tangu Septemba hakuna mtu aliyemtembelea. Siku hizo anamaliza kula upesi kuliko wote na kuomba ruhusa ya kutoka. Basi niliweka chupa katikati, na kijiko kimoja. Tulihesabu vijiko 17. Sisi tuko 12. Hesabu hiyo haikubali kila mtu mara mbili, na rafiki yangu alininunia siku tatu nzima.

Juu ya namna za kuila, haya ndiyo tuliyoona. Na maharagi ni nzuri, lakini iweke juu ya sahani wakati maharagi yameacha kutoa moshi, kwa maana ikipata moto harufu ya siki inapanda na embe linapotea. Na sombe, hapana. Sombe iko na karanga na mafuta ya mawese, haitafuti mgeni. Na wali inateleza na kukimbilia pembeni. Na yai la kuchemsha, lile tunalonunua kwa mama wa barabarani na chumvi ya pilipili, ni tamu sana. Lakini iliyoshinda zote ni ndagala wa kukaanga. Ndagala ni mkavu, ana chumvi, ana uchungu kidogo kichwani. Embe linakuja na maji yake na utamu wake, vinakutana pale pale. Yule mtoto wa mwaka wa kwanza alisema: "Yaya, hii ni kama kwetu." Kwao ni kando ya ziwa Tanganyika. Ni mara ya kwanza nilimsikia anataja kwao mezani.

Kesho yake nilimpelekea mama mpishi kile kilichobaki katika kifuniko. Alilamba kidole, akacheka. "Njo hii munalipiaka dola ine? Hii ni maembe na pilipili. Bibi yangu alifanyaka hii na ndimu."

Anasema kweli. Ni nani kati yetu ambaye hajala embe bichi na chumvi na pilipili nyuma ya darasa? Na pilipili yenyewe, tomati, maharagi, mahindi ya bukari, vyote vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika na meli za Wazungu baada ya mwaka 1492. Embe ndilo lilitoka upande wa Asia. Kwa hiyo ile chupa haikutuletea kitu kigeni kuliko bukari yetu.

Jumamosi tulijaribu. Maembe 6 yaliyoanza tu kuiva (likiiva sana linakuwa uji), tomati 2, kitunguu 1, pilipili 1, maji ya ndimu 3, chumvi. Kata vidogo vidogo, changanya, ngoja nusu saa. Ilitoka beseni ndogo, watu 12 wakala mara mbili na chini ikabaki. Pilipili ilifika mapema kabisa! Lakini angalieni: ya chupa inakaa miezi kwa sababu ilipikwa, ikafungwa bila hewa, na siki inaleta asidi. Sisi wa bio-kimia tunajua kwamba kijidudu cha botulisme hakiwezi kukua kama pH iko chini ya 4,6. Yetu haikupikwa. Iliwe siku ile ile, isiwekwe ndani ya sanduku chini ya kitanda. Na maembe yaoshwe na maji safi, maana wakati huu wa mvua kipindupindu hakicheki na mtu.

Sasa ombi langu. Miembe 4 ya karibu na uzio inaangusha matunda kila usiku, na asubuhi tunayafagia na nzi zake. Ninawaomba wakubwa wa shule waturuhusu kuyaokota mbele ya sala ya asubuhi, kwa zamu, bila mtu kupanda wala kutupa mawe, na watuazime kisu kimoja na beseni siku za Jumamosi na za Jumapili ya wageni. Mama mpishi amekubali kusimamia kisu. Rafiki yangu wa kitanda cha juu amekubali kukata vitunguu, akisema kwamba machozi yake yasihesabiwe kuwa ya kuomba msamaha.

Meza ya 4 itaanza, kama jibu litakuwa ndiyo. Walete ndimu, hapa kwetu hazipo.