Ufunguo Huu ni wa Nani?

Ilikuwa mwezi Juni mwaka 2025, vichwa vya alizeti vikiwa vimekwisha kukatwa na kuanikwa uani, nilipofika Ikungi kumjulia hali dada yangu mkubwa. Baada ya salamu na uji, alifuta mikono kwenye khanga akanikabidhi simu yake. Alilalamika kwamba siku hizi inamaliza kifurushi kabla jua halijatua, tena inachemka kama chungu jikoni. Kisha akaweka kidole juu ya kioo, karibu na saa, penye alama ndogo ya ufunguo.

"Mdogo wangu, wewe ndiwe msomi wetu. Huu ufunguo ni wa nani?"

Nilimweleza kwamba katika simu za aina yake alama ile huonyesha kuwa VPN inafanya kazi, yaani mawasiliano yote ya intaneti yanayotoka kwenye simu yanapitishwa kwanza kwa mtu mwingine kabla ya kufika yanakokwenda. Hakuwa ameiweka yeye. Aliyeiweka ni mwanawe, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita mwezi uliotangulia na ambaye, simu yake ikiwa imevunjika kioo, alikuwa akitumia ya mama yake. Mtandao wa X ulikuwa umezuiwa nchini tangu Mei 20, naye alitaka kuusoma.

Nilianza kumkaripia. Nilimweleza habari za programu za bure zinazookotwa ovyo, nikapandisha sauti ya darasani. Kijana alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza, ndipo akasema, "Samahani, mjomba. Hii ni ile uliyotutumia wewe."

Akafungua kundi la ukoo, akapandisha ujumbe hadi Oktoba 2020, siku zile za Uchaguzi Mkuu ambapo Twitter, WhatsApp na mitandao mingine ilikuwa imebanwa. Ujumbe ulikuwapo, jina langu likiwa juu yake: "Tumieni hii. Ni ya bure na inafanya kazi vizuri." Sikumbuki nilikuwa nimeitumia kwa muda gani kabla ya kuandika maneno hayo. Pengine nusu saa. Sikuwa nimejiuliza sheria inasema nini, wala programu ile ni mali ya nani. Nilijua jambo moja tu, kwamba ilifungua.

Ndugu msomaji, simu ya dada yangu si yake peke yake. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa. Ndani ya simu ile mna namba za wenzake wote, ujumbe wa miamala ya pesa, na picha za vitambulisho walizotumiana walipokuwa wakisajili kikundi. Ushauri niliouandika kwa sekunde chache ulikuwa umekaa mlangoni pa wanawake hao wote, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Usiku ule nilikumbuka barua. Tulipokuwa watoto, baba alikuwa akifanya kazi mbali, na barua zake zilikuja kwa sanduku la posta la taasisi moja kijijini. Aliyezigawa alikuwa na tabia ya kuzifungua. Kabla mama hajaisoma barua, majirani walikwisha kujua baba ametuma kiasi gani na anaumwa nini. Mama akachoka, akaanza kuzituma kwa makondakta wa mabasi yaliyopita barabara kuu. Wa kwanza alikuwa mwaminifu. Aliyemfuata alifungua bahasha, akachukua fedha, akafunga tena kwa gundi. Mama alikuwa amefaulu kumkwepa msomaji mmoja, lakini barua bado ilipita mkononi mwa mtu. Alichokibadili ni mtu mwenyewe.

VPN ni kondakta huyo. Bila VPN, kampuni yako ya simu inaweza kuona unatembelea tovuti gani, hata kama haisomi kilichomo ndani ya kurasa zilizosimbwa. Ukiwasha VPN, kampuni ya simu inaona kifurushi kilichofungwa kinachokwenda kwenye seva moja, na mwenye seva hiyo ndiye anayeona unakokwenda. Imani uliyoinyima kampuni yenye ofisi mjini Singida, yenye leseni na inayoweza kushitakiwa, umempa mtu mwingine. Huenda mtu huyo anastahili imani hiyo kuliko kampuni. Huenda hastahili hata kidogo. Kwa hiyo swali la dada yangu ndilo swali la kwanza la somo hili zima, na mimi, mwenye shahada, sikuwa nimeliuliza.

Asubuhi tulikaa watatu chini ya mwembe, tukaanza kuichunguza programu ile kama mnunuzi anavyochunguza gunia la vitunguu, asiyeridhika na vile vya juu mpaka aingize mkono katikati.

Tuliuliza kwanza: mwenyewe ni nani? Kwenye duka la programu palikuwa na jina lisilo na nchi, wala anwani ya ofisi, na barua pepe ya aina ambayo mtu yeyote hujifungulia bure. Asiyejulikana anakoishi hawezi kudaiwa.

Tukauliza pili: anakula wapi? Seva hukodiwa, umeme hulipiwa, mafundi hulipwa mishahara. Anayekubebea mzigo bure kila siku lazima awe na wa kumlipa. Wapo wanaobebwa na wateja wao wanaolipia, wapo wanaoendeshwa kwa michango, na hao husema hivyo waziwazi. Wengine huuza kile wanachokipata kwako. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, VPN ya bure iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji hao kwa wateja wengine, hata mgeni akaweza kupita mtandaoni akionekana kama wewe. Facebook nayo iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. VPN yake ilitangazwa kuwa ngao ya faragha, kumbe ilikuwa ikikusanya habari za programu nyingine ambazo watu walizitumia. Mwaka 2023 mahakama ya Australia ilizitoza kampuni mbili tanzu faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa udanganyifu huo. Wahenga walisema rahisi ghali, nao hawakuwahi kuona simu.

Swali la tatu lilinitia aibu zaidi: inaomba nini? Ili VPN ifanye kazi yake haihitaji kusoma ujumbe wako mfupi, wala orodha ya majina, wala kujua ulipo. Programu niliyoipendekeza ilikuwa imepewa ruhusa zote tatu. Hapa panahitaji uangalifu. Dada yangu anapotuma pesa kwa menyu ya nyota na reli, muamala huo hausafiri kwa intaneti, hivyo VPN haiuoni. Lakini ujumbe wa kuthibitisha muamala, wenye jina, kiasi na salio, hukaa kwenye sanduku la ujumbe, na programu yenye ruhusa ya kusoma sanduku hilo inauona wote. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya CSIRO ya Australia na wenzao walichunguza programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 82 ziliomba kufikia vitu nyeti kama akaunti na ujumbe, asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba mawasiliano kabisa. Hizo za mwisho zilikuwa bahasha zisizo na gundi.

Tukauliza nne: inatunza nini, na nani amethibitisha? Karibu kila VPN hudai kwamba haihifadhi kumbukumbu za mtumiaji. UFO VPN ya Hong Kong ilidai hivyo, na mwezi Julai 2020 kumbukumbu zake zilikutwa wazi mtandaoni zikiwa na nywila zisizofichwa. Kwa upande mwingine, Aprili 18, 2023 polisi wa Uswidi walifika na hati ya upekuzi katika ofisi ya Mullvad mjini Gothenburg, wakaondoka mikono mitupu kwa kuwa data za wateja walizozitaka hazikuwapo. Ahadi ya kwanza ilikuwa maneno. Ya pili ilijaribiwa. Tofauti hiyo ndiyo ya kuitafuta: je, msimbo wa programu uko wazi kwa wataalamu kuusoma? Je, wakaguzi huru wameikagua na ripoti yao kuchapishwa? Sera ya faragha tuliyoisoma asubuhi ile ilisema taarifa zinaweza kupewa "washirika". Washirika hao hawakutajwa.

Swali la tano ni la ufundi, lakini halihitaji fundi: inafanya kweli inachosema? Ipo mizani rahisi. Tazama anwani ya IP yako kwenye tovuti inayoionyesha, kabla na baada ya kuwasha. Kisha jaribu muunganisho unapokatika: programu njema inakuwezesha kuzuia intaneti yote mpaka njia irudi, badala ya kukuacha upite uchi bila kujua. Ile yetu iliporomoka hapo pia.

Tuliiondoa. Tulikagua ruhusa za programu nyingine, tukabadili nywila. Ule ufunguo ukatoweka kwenye kioo.

Wapo watakaosema somo limekwisha: msitumie, ni marufuku. Ni kweli kwamba Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia nyenzo za kuyafikia maudhui yaliyozuiwa. Oktoba 13, 2023 TCRA iliwataka watu na taasisi wanaohitaji VPN kwa kazi zao watoe taarifa zao, ikiwamo anwani ya IP, kabla ya Oktoba 30, ikikumbusha adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mtumishi wa umma au wa benki anayeingia kwenye mifumo ya ofisi akiwa safarini anatumia VPN kila siku, na anapaswa kuijua sheria hii. Simshauri mtu aivunje, wala sitajificha kwamba mimi mwenyewe niliandika ujumbe ule mwaka 2020.

Lakini natazama kilichotokea nyumbani kwetu. Katazo halikuiondoa programu kwenye simu. Liliondoa mazungumzo. Kijana hakumuuliza mwalimu wake wala fundi wa simu stendi, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kunong'onezwa. Alichukua kilichokuwa karibu, yaani neno la mjomba la miaka mitano iliyopita. Pale ambapo wanunuzi hawawezi kulinganisha bidhaa mchana, anayeneemeka ni muuzaji mbaya.

Na maswali yale matano hayaishii kwa mwenye programu. Tulisajili laini zetu kwa alama za vidole. Tunatakiwa kutangaza anwani zetu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ilianza kurudi Novemba 3. Siku hizo hata VPN bora kuliko zote haikuwa na kazi, maana ufunguo haufai kitu pasipokuwa na njia ya kuufikia mlango. Mwenye kushika funguo kubwa namna hiyo naye aulizwe: anachukua nini, kwa sababu gani, anakaa nacho muda gani, na nani huru anamkagua? Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeunda Tume ya kusimamia jambo hilo. Maswali hayo, basi, hayahitaji ujasiri wa pekee. Ni ya raia wa kawaida, na watumishi wa umma wanaosoma hapa wanayo majibu zaidi yangu.

Kwa upande wangu, kabla ya kuondoka Ikungi nilifungua kundi la ukoo, nikajibu ujumbe wangu wa mwaka 2020. Niliandika kwamba nilikosea, nikataja sababu, nikaomba kila aliyeiweka programu ile aiondoe na awaambie wenzake aliowatumia. Muhula ulipofunguliwa nililisema hilo pia mbele ya wanafunzi wangu, maana wengine wao waliipata kwangu.

Dada yangu alisubiri nimalize kuandika. Akaitazama simu, akaona pale juu pamebaki saa na alama za mtandao tu.

"Umeuondoa," alisema. "Na vile walivyokwisha kuvichukua, vya wenzangu, vitarudi?"

Nilimwambia havirudi, na kwamba hatutajua kamwe kama vilichukuliwa au la. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie maswali yale matano kwenye daftari la kikundi, ukurasa wa nyuma, ili Jumamosi wakikutana awasomee.