Kadi Kali, Timu Mbovu



Likizo moja, siku ya pili tu baada ya kufika nyumbani Kalangalala, mjini Geita, mdogo wangu alinikalisha mbele ya runinga. "Karibu Frateri, leo nakufundisha unyenyekevu," alisema. Akawasha FIFA 23, upande wa Ultimate Team, ambako kila mchezaji alikuwa kadi yenye namba ya ubora, ya juu kabisa ikiwa 99. Ulinunua kadi kwa sarafu za humo humo kwenye gemu, kisha ukapanga kikosi cha watu 11.

Alinikopesha sarafu zake. Mimi nikaangalia namba tu. Nilichukua washambuliaji wenye majina, kila mmoja na nchi yake na ligi yake. Nafasi ya beki wa kushoto ilipobaki wazi, nikamtia kiungo mmoja hodari. Mdogo wangu alicheka. "Kaka, umenunua majina. Timu hujanunua."

Akanieleza. Gemu hiyo inahesabu pia kemistri, kile ambacho watangazaji wetu wa mpira hukiita muunganiko. Kila mchezaji anaweza kupata alama 0 hadi 3, na timu nzima 33. Alama hizo zinatokana na kuwa na wenzake wa klabu moja, ligi moja au nchi moja: wawili wa nchi moja wanafungua alama 1, watano alama 2, wanane alama 3. Zikipatikana, uwezo wa mchezaji unapanda. Lakini ukimweka kwenye nafasi isiyo yake, anapata sifuri, hata akizungukwa na ndugu zake wote.

Kikosi changu kilikuwa na alama 8. Chake, chenye kadi za kawaida, kilikuwa na 33. Alinifunga manne. Sikatai, vidole vyake pia ni vyepesi kuliko vyangu.

Sisi watu wa Geita tulipaswa kulijua hilo bila gemu. Msimu wa 2021/22, wa kwanza kwake Ligi Kuu, Geita Gold haikuwa na majina ya kulingana na Simba au Yanga, lakini ilimaliza nafasi ya 4, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Mabao yanaandikwa jina la mtu mmoja, ila mpira unapita kwenye miguu ya wengi kabla haujamfikia.

Usiku ule sikulala mapema. Kilichonisumbua si mabao manne bali mechi nyingine, ya seminarini.

Mwaka uliotangulia niliombwa kupanga timu ya mafrateri wa falsafa icheze na vijana wa parokia jirani. Beki bora wa kushoto tuliyekuwa naye ni mwenzetu kutoka Mtwara. Nilimwacha. Nafasi yake nikampa rafiki yangu wa Usukumani, kiungo anayetumia mguu wa kulia. Walioniuliza niliwajibu, "Nataka muunganiko." Ukweli ni kwamba tulizoea kutaniana kwa Kisukuma, na yule wa Mtwara alikuwa akikaa kimya pembeni hadi tumalize. Ukimya ule tulioutengeneza sisi, nikauita kasoro yake. Tulifungwa 3–1, mawili yakipitia kushoto. Wakati wa mapumziko, aliyetuletea maji ni yeye.

Hata gemu ingeninyima alama, maana nilimweka mtu pasipo pake. Lakini gemu nayo ina upungufu. Kwake, watu wanaungana kwa sababu wametoka mahali pamoja, basi. Aristotle, katika Maadili ya Nikomako, anataja wanaosema kwamba wanaofanana ndio wanaopendana, na wengine wanaosema kinyume chake. Yeye mwenyewe anaongeza kwamba urafiki unahitaji muda: watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorintho waliogawanyika kwamba mwili una viungo vingi tofauti, na jicho haliwezi kuuambia mkono kuwa hauhitajiki. Muunganiko wa Kanisa haufunguliwi kwa kuhesabu wa nchi moja. Unapikwa polepole, chungu kimoja, na waliotoka mbali.

Tulipofungua seminari nilimfuata yule mwenzangu tukiwa tunaosha vyombo, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilidhani sijui mpira." Sentensi hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana. Kwa miezi kadhaa alikuwa amebeba kosa langu akidhani ni udhaifu wake.

Ndugu msomaji, nawe labda unapanga timu: kamati ya parokia, uongozi wa kwaya, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Kabla hujasema fulani "haendani na sisi", jiulize kama mmewahi kumpa nafasi yake, na kama mkiongea anasikia mnachosema.

Jumamosi iliyofuata alicheza beki wa kushoto. Tulitoka sare, 1–1. Kushoto hakupita mtu. Na mezani siku hizi tunataniana kwa Kiswahili, ingawa bado kuna siku najisahau, naye hunigonga kiwiko.